Gavana Aliyegeuka Mara Mbili: Funzo la George Wallace wa Alabama



Haya unayoyasoma ni mazungumzo niliyoyatoa barazani. Wengi hamkuweza kufika, na baadhi ya waliofika waliniomba niyaandike wapate kuyasoma polepole. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyasema. Basi keti, soma mpaka mwisho, halafu tubishane.

Nianze na swali nililoulizwa na mama mmoja anayeuza samaki, ambaye mimi ni mteja wake. Aliniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Huyu anayetaka ugavana, moyo wake ni mzuri? Atatupenda sisi?"

Nikamjibu haraka haraka, jibu la kumridhisha tu, nikachukua samaki wangu nikaondoka. Lakini njia nzima swali lile halikuniacha. Ndilo swali tunalouliza sote. Tunauliza mgombea ni mtu wa wapi, amekuja mazishi ya nani, akisalimia watu wadogo anasalimia vipi. Tunapima moyo. Nami nikamkumbuka gavana mmoja wa Marekani ambaye ukiuliza swali hilo juu yake, jibu linategemea umeuliza mwaka gani.

Jina lake George Wallace, gavana wa jimbo la Alabama.

Marekani, kama ujuavyo, ni muungano wa majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake na polisi wake. Hilo la polisi ulishike, tutalirudia. Gavana wa kule ana nguvu ambazo magavana wetu hawana. Alabama iko kusini, nchi ya pamba, nchi iliyojengwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1960, watu 3 kati ya kila 10 wa jimbo lile walikuwa weusi. Walilipa kodi kama wenzao, lakini shule zao zilikuwa mbali na za wazungu, na kwenye mabasi na mikahawa walitengwa vile vile. Na wengi wao hawakuwa kwenye daftari la wapiga kura.

Sasa huyu Wallace hakuanza akiwa mbaguzi mkali. Hapo ndipo watu hushangaa. Katika miaka ya 1950 alikuwa jaji, na wakili mmoja mweusi, J. L. Chestnut, alisimulia baadaye kwamba Wallace ndiye jaji wa kwanza kumwita "Mista" mahakamani. Leo unaweza kuona ni jambo dogo. Lakini kule na wakati ule, mtu mweusi hata awe na mvi kichwa kizima aliitwa kwa jina lake la kwanza kama mtoto. Kabla ya hapo Wallace alikuwa amekaa kwenye bodi ya Tuskegee, chuo maarufu cha watu weusi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kuwekwa pale.

Yaani mama yangu wa samaki angeniuliza mwaka 1957, "Huyu Wallace moyo wake mzuri?", ningemwambia, mama, kwa kadiri ya wazungu wa kule, huyu ana afadhali.

Mwaka 1958 akagombea ugavana. Mpinzani wake alikuwa John Patterson, mwanasheria mkuu wa jimbo, aliyekuwa ameipeleka mahakamani NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, mpaka kikazuiwa kufanya kazi Alabama. Ku Klux Klan wakamuunga mkono Patterson. NAACP ikamuunga mkono Wallace. Wakati ule chama cha Democratic ndicho kilichotawala, kwa hiyo aliyeshinda mchujo wa chama ndiye gavana.

Wallace akashindwa. Akashindwa vibaya.

Waliokuwa karibu naye walisimulia kwamba usiku ule aliapa kuwa hakuna mtu atakayemshinda tena kwa ubaguzi, akatumia neno chafu ambalo sitaliandika hapa. Yeye mwenyewe baadaye alikana kusema hivyo. Lakini kuna maneno mengine yake ambayo yanatosha. Alipoulizwa kwa nini alianza siasa za ubaguzi, alieleza kwamba alijaribu kuwazungumzia watu barabara nzuri na shule nzuri, hawakumsikiliza. Alipoanza kuwazungumzia watu weusi, wakapiga sakafu kwa miguu.

Tulia hapo kidogo. Mtu huyu hakusema kwamba alisoma kitabu au aliota ndoto ndipo akagundua kuwa watu weusi ni duni. Alisema alihesabu. Waliokuwa kwenye daftari walitaka kusikia kitu fulani, naye akakisema. Wale aliowaita "Mista" hawakuwa na kura za kumlipa kwa wema wake. NAACP ilimpa baraka, lakini baraka haiingii kwenye sanduku la kura.

Baada ya hapo, tume ya haki za raia ya serikali kuu ilitaka kuona kumbukumbu za usajili wa wapiga kura katika eneo lake, ili ichunguze kwa nini watu weusi hawaandikishwi. Jaji Wallace akagoma, akatangaza kwamba hatazitoa. Jaji wa serikali kuu, Frank Johnson, ambaye walisoma sheria pamoja, akamwambia azitoe au aadhibiwe. Unajua alifanya nini? Alizipitisha kwa mlango wa nyuma mpaka zikawafikia wachunguzi, na huku hadharani akijigamba kwamba hakuinama. Basi tabia ikaanza pale. Mbele ya watu ni simba, nyuma ya pazia ametii.

Mwaka 1962 akagombea tena, safari hii kwa sauti ya ubaguzi, akashinda. Tarehe 14 Januari 1963 akala kiapo mjini Montgomery. Hotuba yake iliandikwa na mtu wa Ku Klux Klan aitwaye Asa Carter, na ndani yake mlikuwa na yale maneno yaliyozunguka dunia: ubaguzi leo, ubaguzi kesho, ubaguzi milele.

Miezi mitano haikutimia ikaja siku ya mlango. Vijana wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, walikuwa wameruhusiwa na mahakama kusoma Chuo Kikuu cha Alabama. Tarehe 11 Juni 1963 gavana mwenyewe akaenda kusimama mlangoni wazipitwe na kamera. Afisa wa serikali kuu, Nicholas Katzenbach, akamwomba apishe. Akakataa, akasoma waraka wake. Wale vijana wakangoja ndani ya gari. Rais Kennedy akawachukua wanajeshi wa akiba wa Alabama chini ya amri yake, jenerali wao akamfuata gavana, akamwambia ahame. Wallace akasoma maneno mengine machache, akaondoka. Vijana wakaingia, wakaandikishwa.

Wengi tukisoma habari hii tunacheka, tunasema ilikuwa sinema tu, na mwisho si watoto waliingia? Ni kweli waliingia. Lakini maneno ya gavana hayaishii mlangoni pa chuo. Yanashuka. Yanamfikia mkuu wa shule, karani wa usajili, polisi wa zamu, na yule mtu wa mtaani mwenye chuki zake ambaye alikuwa anangoja mkubwa ampe ruhusa. Septemba ya mwaka huo huo Wallace alituma polisi wa jimbo kuzuia shule zilizoamriwa kuchanganya watoto. Tarehe 15 Septemba bomu la watu wa Klan likalipuka kanisani mjini Birmingham, likaua wasichana wanne: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair. Watatu walikuwa na miaka 14, mmoja 11. Martin Luther King alimpelekea gavana telegramu akimwambia damu ya watoto wale iko mikononi mwake. Wallace hakutega bomu. King alijua hivyo. Alikuwa anazungumzia ruhusa.

Sasa turudi kwenye daftari.

Mji wa Selma uko katika kaunti ya Dallas, Alabama. Pale karibu nusu ya watu waliofikia umri wa kupiga kura walikuwa weusi, lakini waliosajiliwa walikuwa takriban asilimia 2 ya watu weusi hao. Ofisi ya usajili ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Ukienda, unapanga foleni tangu asubuhi, unapewa mtihani wa katiba na kusoma na kuandika, na anayesahihisha ni karani mzungu ambaye anaweza kumwangusha mwalimu wa shule na kumpitisha mkulima mzungu asiyejua kusoma. Juu yake kuna kodi ya kupigia kura. Juu ya kodi kuna mwajiri wako, ambaye akisikia ulionekana kwenye foleni, kesho huna kazi.

Tarehe 18 Februari 1965, katika mji jirani wa Marion, polisi wa jimbo alimpiga risasi kijana Jimmie Lee Jackson wakati wa maandamano. Akafa siku nane baadaye. Polisi huyo alikiri kosa la kuua bila kukusudia mwaka 2010. Hesabu mwenyewe, ni miaka 45. Kifo hicho ndicho kilichozaa maandamano ya Selma. Tarehe 7 Machi 1965 watu wakavuka daraja la Edmund Pettus kuelekea Montgomery, kumfuata gavana wao wamwambie tunataka kura. Wallace alikuwa ameagiza maandamano yazuiwe. Polisi wa jimbo wakawavamia kwa rungu na gesi ya machozi. John Lewis, aliyekuwa na miaka 25 tu, akapasuliwa fuvu.

Picha zile zilionekana Marekani nzima usiku ule ule. Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Johnson akatia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Mitihani ya usajili ikasimamishwa, maafisa wa serikali kuu wakaletwa kuandikisha watu, na majimbo kama Alabama yakatakiwa kuomba idhini kabla ya kubadilisha kanuni zozote za uchaguzi. Kabla ya sheria, watu weusi waliosajiliwa Alabama walikuwa takriban asilimia 19 ya waliofikia umri. Kufika 1967 walikuwa wamepita asilimia 50.

Matokeo ya kwanza yakaonekana pale pale Selma. Mkuu wa polisi wa kaunti, Jim Clark, yule aliyekuwa akiwapiga watu foleni ya usajili, alisimama kwenye mchujo wa 1966. Waliopigwa rungu mwaka jana wakaja na kura mwaka huu. Clark akaondoka ofisini.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba mambo ni mepesi hivyo, kwamba ukijiandikisha leo kesho kila kitu kimekaa sawa. Mwaka 1970 Wallace aligombea tena, na mpinzani wake Albert Brewer alijaribu njia ya kupata kura za wazungu na weusi pamoja. Brewer akaongoza duru ya kwanza. Wallace akaona ataanguka, akaendesha kampeni chafu ya ubaguzi, akashinda duru ya pili. Asiyekuwa na wingi wa kura akisimama peke yake bado anashindika. Lakini angalia tofauti: mwaka 1958 hakuna mgombea aliyeona faida kuwatafuta watu weusi, na mwaka 1970 mmoja aliwatafuta na nusura ashinde. Hesabu ilikuwa imeanza kugeuka, na Wallace, ambaye alijua kuhesabu kuliko wote, aliliona hilo.

Tarehe 15 Mei 1972, akifanya kampeni ya urais katika mji wa Laurel, jimbo la Maryland, alipigwa risasi. Hakutembea tena maisha yake yote. Hospitalini alitembelewa na Shirley Chisholm, mbunge wa kwanza mwanamke mweusi wa Marekani, ambaye naye alikuwa anagombea urais mwaka huo. Wafuasi wake walimlaumu sana kwa kwenda. Alikwenda.

Hapa hadithi ya Wallace huwa inasimuliwa kama hadithi ya toba. Maumivu yalimlainisha, akarudi kwa Mungu, akaanza kuwaomba msamaha watu weusi, akawapigia viongozi wao simu, akaingia makanisani mwao. Mwaka 1982 akagombea ugavana mara ya mwisho, akishindana na mtu wa Republican, akashinda kwa msaada mkubwa wa kura za watu weusi. Ndiyo, watu weusi. Na katika kipindi hicho aliteua watu weusi wengi kwenye nafasi za jimbo kuliko ilivyowahi kutokea.

Mimi sikatai toba yake. Moyo wa mtu anaujua Muumba wake. John Lewis, yule aliyepasuliwa fuvu, alikutana naye na akamsamehe, na Wallace alipofariki mwaka 1998 aliandika gazetini kwamba amemsamehe. Kama Lewis alisamehe, mimi ni nani? Lakini nataka uangalie jambo moja ambalo wasimulizi wa toba huliruka.

Kumbuka nilikuambia ushike habari ya polisi.

Polisi wa jimbo la Alabama, hao hao wa daraja la Selma, walikuwa wakilipwa kwa kodi ya kila mtu. Mwaka 1972 NAACP ilipeleka kesi kwa yule yule Jaji Frank Johnson. Alichokikuta ni hiki: katika miaka 37 ya kikosi hicho, hajawahi kuajiriwa askari mweusi hata mmoja. Hata mmoja. Jaji akaamuru kwamba kila akiajiriwa mzungu mmoja aajiriwe mweusi mmoja, mpaka watu weusi wafikie takriban robo ya kikosi. Wakaajiriwa. Ukadhani mambo yamekwisha? Mwaka 1978 maafisa wa cheo cha koplo kwenda juu walikuwa 232, na mweusi hakuwemo hata mmoja. Waliingizwa mlangoni wakaachwa ukumbini.

Kesi ikaendelea. Desemba 1983 jaji mwingine, Myron Thompson, naye ni mtu mweusi, akaamuru upandishaji vyeo uwe mmoja kwa mmoja mpaka idara ilete utaratibu wa haki. Miezi michache baadaye wakapandishwa koplo 16, weusi wanane na wazungu wanane. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha amri hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4. Ilikuwa imebaki kidogo ianguke.

Sasa jiulize, Desemba 1983 gavana wa Alabama alikuwa nani? Alikuwa Wallace. Wallace aliyetubu. Wallace aliyechaguliwa kwa kura za watu weusi. Alikuwa ofisini, moyo wake umelainika, na chini yake bado idara ya polisi ilihitaji kushurutishwa na mahakama ili impandishe mtu mweusi cheo cha koplo.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mama yangu.

Moyo wa gavana unaweza kuwa mbaya ukageuka mzuri, au ukawa mzuri ukageuka mbaya. Wallace alipita njia zote mbili katika maisha yake. Katika safari yote hiyo, mambo matatu ndiyo yaliyomsaidia mtu wa kawaida wa Alabama: nani yuko kwenye daftari la wapiga kura, nani yuko kwenye orodha ya ajira na vyeo, na nani anaweza kwenda mahakamani akasikilizwa. Hayo matatu yalipokuwa hayapo, jaji aliyemwita mtu mweusi "Mista" aligeuka mbaguzi ndani ya miaka minne. Yalipokuja, mbaguzi yule yule aligeuka akaomba kura zao.

Utaniambia, sasa Alabama na sisi wapi na wapi? Nisikilize. Sisi tangu 2013 tuna magavana 47 tuliowachagua wenyewe. Gavana wetu hana jeshi wala polisi, lakini ana hospitali, ana chekechea, ana basari, ana barabara za mitaa, na ana ajira. Na kila kaunti ina wengi wake na wachache wake. Mimi na wewe tukiwa wachache kaunti moja tunalia, na tukiwa wengi kaunti nyingine tunanyamaza wakati wenzetu wanalia. Tuseme ukweli kati yetu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zinapotangazwa ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Je, kaunti yako imefika hapo? Usiniambie gavana ni mtu wa watu. Nionyeshe orodha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 tuna sheria ya kuitekeleza. Unaandika barua, unaomba idadi ya walioajiriwa, kwa vyeo na kwa jamii. Barua ni karatasi na muhuri. Na ukiipata hiyo orodha, usiishie kuhesabu wafagiaji na walinzi. Panda juu. Angalia wakurugenzi, angalia maafisa wakuu. Kumbuka wale maafisa 232.

Na uangalie pia orodha ya pale ambapo sisi ndio wengi. Haki tunayoidai kule tukainyima hapa haitakuwa haki tena.

Kisha daftari. Najua wapo kati yetu waliosubiri kitambulisho mpaka wakachoka, wakaulizwa maswali ambayo wenzao hawaulizwi. Najua uchungu wake. Lakini wapo wengi zaidi wenye kitambulisho mfukoni ambao hawajajiandikisha, na ukiwauliza wanakuambia, "Aah, wote ni wale wale." Watu wa Selma walikuwa na sababu kubwa kuliko yako ya kusema wote ni wale wale. Walipanga foleni kwenye ofisi inayofunguliwa siku mbili kwa mwezi, mkuu wa polisi akiwa na rungu mlangoni.

Nimalizie na Vivian Malone. Yule msichana aliyengoja ndani ya gari mwaka 1963 gavana akiwa mlangoni. Alisoma, na mwaka 1965 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu Chuo Kikuu cha Alabama. Mwaka 1996 familia ya Wallace ilimpa tuzo ya ujasiri iliyopewa jina la marehemu mke wa Wallace. Mzee akiwa kwenye kiti cha magurudumu, wakakutana. Akamwambia alikosea. Naye akampokea.

Ni tukio zuri, na mimi hulipenda. Lakini fikiria kidogo. Vivian hakungoja msamaha huo wa 1996 ndipo aingie darasani. Alipoombwa radhi alikuwa na shahada yake tangu miaka 31 iliyopita. Aliingia kwa amri ya mahakama, gavana akiwa bado anamchukia. Angengoja moyo wa Wallace ulainike, angezeeka ndani ya lile gari.

Nilirudi kwa mama yangu wa samaki wiki iliyofuata. Nikamwambia, mama, moyo wake siujui, na hata yeye mwenyewe pengine haujui. Wewe umejiandikisha? Akacheka, akasema kadi yake ya zamani ilipotea na hajui kama jina lake bado liko. Nikamwambia tutakwenda pamoja kuangalia.

Tumekubaliana Jumatatu. Na wewe, Jumatatu uko wapi?

Wassalaam.